Amplifaya ya valvu kutoka karakana ndogo: je, dola 3,000 zinanunua sauti au jina?

"Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Gitaa langu ni Stratocaster, na tangu mwaka 2016 natumia amplifaya ya transista ya wati 60 ambayo sauti yake hukauka na kuumiza masikio kila ninapoipandisha ili nisikike juu ya tarumbeta. Dada yangu anaishi Ohio, Marekani, na atakuja likizo mwezi wa Desemba. Nimeweka akiba ya dola 3,000, na ninataka aniletee amplifaya ya valvu iliyotengenezwa kwa mkono. Nimesoma habari za Matchless DC-30, Dr. Z Maz 18 na Carr Rambler. Rafiki yangu anayepiga rithimu ananiambia nisipoteze fedha, ninunue Fender Deluxe Reverb ya kawaida, maana hizo nyingine ni jina tu. Mwingine anasema amplifaya iliyofungwa waya kwa mkono haiwezi kulinganishwa na ya bodi ya kiwandani. Pia naogopa kwamba wati 18 au 22 hazitatosha ukumbini. Nimwamini nani?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake naiona hofu ya mtu aliyejinyima ili aweke akiba na anayejua kwamba akikosea hatakuwa na duka la kurudishia. Duka litakuwa Ohio, wewe utakuwa Dar es Salaam, na katikati kuna ndege, forodha na umeme wa aina nyingine. Rafiki zako wote wawili wameshika upande mmoja wa ukweli. Lakini jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaja, yaani umeme wa ukutani, ndilo litakaloamua kama amplifaya yako itadumu mwaka mmoja au miaka ishirini, na kwa hiyo nitalipatia nafasi kubwa kuliko ulivyotarajia.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ndiyo yanayotisha. Karibu kila amplifaya ya valvu (ile inayokuza sauti kwa chupa za kioo badala ya transista) inayotoka katika karakana ndogo za Marekani imezaliwa na mojawapo ya koo chache za saketi zilizobuniwa kabla ya mwaka 1965. Mbili kati ya koo hizo zilitoka kwa Leo Fender wa California: ile ya miaka ya 1950, iliyofunikwa kwa kitambaa cha rangi ya nyasi kavu, na ile ya paneli nyeusi iliyoanza kutoka mwaka 1963. Nchini Uingereza, mhandisi Dick Denney aliibunia Vox AC15 na kisha AC30. Jim Marshall na mafundi wake walianza London mwaka 1962 kwa kuinakili Fender Bassman karibu waya kwa waya, na kwa kuwa walitumia valvu, transfoma na spika walizozipata kwao, nakala ile ikatoka na sauti yake yenyewe. Waliokuja baadaye walizichukua koo hizo wakazifanyia kazi kwa uangalifu mkubwa. Matchless, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1989, iliijenga DC-30 juu ya wazo la AC30. Alexander Dumble, aliyefariki mwaka 2022, alianzia katika saketi za Fender na akazifunika kwa gundi ngumu ili watu wasizinakili. Leo amplifaya yake moja huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Ukishaujua ukoo, umeijua sehemu kubwa ya sauti hata kabla ya kusoma sifa zinazoandikwa na muuzaji. Fender ya paneli nyeusi ina besi pana na sauti za juu zinazong'aa, huku sauti za kati zikiwa zimepunguzwa. Tena ina mrejesho hasi, yaani sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa nyuma ili kuisahihisha ile inayoingia, na matokeo yake ni usafi na uthabiti. Ukoo wa Vox hauna mrejesho huo. Sauti zake za kati na za juu hutangulia mbele, huanza kukwaruza mapema, na hubana vizuri chini ya vidole. Kwa mpiga solo wa dansi, ambaye katika chemko la wimbo hupiga sauti nyingi za haraka kwenye nyuzi nyembamba na kila moja inatakiwa isimame peke yake, mimi naupendelea ukoo wa paneli nyeusi. Nitarudi kwenye upungufu wake, kwa sababu upo.

Sasa kwa nini amplifaya uliyonayo hukauka? Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto ikatoa elektroni, na anodi yenye volti mia kadhaa huzivuta elektroni hizo. Kati ya kathodi na anodi kuna gridi, ambayo ni wavu mwembamba wa waya. Ishara ya gitaa lako, ambayo ni sehemu tu ya volti moja, huingia kwenye gridi hiyo ikaulegeza na kuubana mkondo mkubwa, kama mkono unavyolitawala bomba la maji lenye nguvu nyingi kuliko mkono wenyewe. Transista nayo hufanya kazi hiyohiyo, na kwa sauti ya chini unaweza usiitambue tofauti. Tofauti hujitokeza pale kifaa kinapoufikia mwisho wa uwezo wake. Amplifaya nyingi za transista zimejengwa na mrejesho hasi mwingi unaoziweka katika usafi mpaka hatua ya mwisho kabisa, kisha kilele cha wimbi hukatwa ghafla, na ukataji huo wa ghafla huzalisha sauti kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye gitaa. Huo ndio ukavu unaousikia. Valvu huanza kulikunja wimbi mapema na polepole, hata ukavuka mpaka bila kujua ulivukia wapi.

Kuna jambo jingine ambalo huhisiwa zaidi na kidole kuliko sikio. Katika amplifaya kadhaa za valvu, mkondo geu wa ukutani hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu na valvu nyingine, kwa mfano ile inayoitwa GZ34. Ukiupiga uzi kwa nguvu, valvu za mwisho hudai mkondo mwingi kwa mara moja, volti ya ndani hushuka kidogo, kisha hupanda tena sauti inapoendelea. Pigo linakuwa laini mwanzoni na kuchanua baadaye. Mpiga gitaa aliyezoea hali hiyo huipata kwenye mkono wake wa pleki hata macho yake yakiwa yamefumbwa.

Kutoka kwenye valvu za mwisho, sauti hupita katika transfoma ya kutolea, inayobadilisha volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo wa kutosha kuisukuma spika ya omu 8. Transfoma hii ni sehemu ambayo karakana nzuri hutumia fedha bila kusitasita, kwa sababu chuma na shaba zikiwa haba besi hulegea. Na mwisho kabisa ipo spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza kwa kasi masafa yaliyo juu ya hezi 5,000 hivi, kwa hiyo ni chujio kubwa kuliko kitufe chochote kilicho kwenye paneli. Nimeshuhudia watu wakibishana kuhusu aina ya kapasita kwa nusu siku, ilhali spika iliyo mbele yao ilikuwa ya bei rahisi na iliyochoka. Ukibadilisha spika peke yake, kwa gharama ya dola 100 hadi 200 hivi, utasikia mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha vipuri vidogo vyote vilivyo ndani.

Hapo ndipo tunapoifikia hoja ya rafiki yako wa pili. Elektroni hazitambui kama njia yao ni waya uliofungwa na fundi au ni ukanda wa shaba uliochapishwa kwenye bodi. Thamani za rezista na kapasita zikiwa zilezile, transfoma ileile na spika ileile, tofauti inayobaki inatokana hasa na mpangilio, kwa kuwa waya mbili zilizokaribiana huambukizana ishara. Ken Fischer wa New Jersey, aliyetengeneza amplifaya za Trainwreck na kufariki mwaka 2006, alijulikana kwa kuuchunguza hata urefu wa kila waya na mahali unapopita, na kazi yake imewafundisha wengi kwamba mpangilio ni jambo la kweli. Hata hivyo, bodi iliyochorwa na mhandisi mzuri nayo ina mpangilio, tena usiobadilika kutoka amplifaya moja hadi nyingine. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mkono una sauti na bodi haina.

Faida halisi ya kufunga waya kwa mkono iko kwenye ukarabati. Mara nyingi mezani kwangu huletwa amplifaya za bodi ambazo soketi za valvu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi hiyohiyo. Valvu hupata moto mkali kisha hupoa, kila onyesho, mwaka baada ya mwaka, hadi lehemu inapasuka na sauti inaanza kukatika na kurudi. Ili nibadilishe rezista moja ya bei ya pipi, hulazimika kufungua vitufe vyote na kuitoa bodi nzima, na kila ninapoitoa naogopa kuung'oa ukanda wa shaba. Katika amplifaya iliyofungwa kwa mkono, soketi zimekazwa kwenye chasisi ya chuma na kila kipuri kinaonekana kwa macho. Fundi mzee wa redio ambaye hajawahi kuiona amplifaya ya gitaa anaweza kuisoma saketi yake na kuitengeneza. Kwa mtu anayeishi mbali na watengenezaji, thamani hiyo ni kubwa kuliko ilivyo kwa mpiga gitaa wa Ohio, na ni hoja ambayo rafiki yako angeweza kuitetea kwa haki kabisa.

Kuhusu wati, naomba uitulize hofu yako kwa hesabu. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halikishangai. Ili uhisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 22 za Deluxe Reverb hadi wati 28 za Rambler ni ongezeko la desibeli 1. Spika, kwa upande wake, zinatofautiana zaidi ya hapo: Celestion Greenback imepimwa desibeli 98 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, na Vintage 30 imepimwa desibeli 100. Spika yenye desibeli 3 za ziada hukupa ongezeko sawa na kuzidisha wati mara mbili bila kuongeza wati hata moja. (Ukikutana na Celestion Blue, ambayo watu huisifu sana na kwa haki, kumbuka kwamba inabeba wati 15 tu, kwa hiyo usiifunge peke yake katika amplifaya ya wati 22.)

Je, wati 22 zitatosha? Katika ukumbi wenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni), ukiweka maikrofoni mbele ya spika, zitatosha na kubaki. Kwenye harusi ya uwanjani isiyo na maikrofoni ya gitaa, ngoma zikiwa nzito na tarumbeta tatu zikiwa pembeni yako, amplifaya itaanza kukwaruza kabla hujasikika, na wati 28 hazitakuokoa. Dawa ya hali hiyo ni maikrofoni. Kabla ya hapo, iinue amplifaya juu ya kiti au iegemeze kwa nyuma ili itazame masikio yako. Wapiga gitaa wengi wanalalamika kwamba hawajisikii wakati spika yao inawapigia magotini.

Sasa niziweke amplifaya zako nne mezani. Matchless DC-30 ni kazi ya ustadi wa hali ya juu, yenye valvu nne za EL84, wati 30 na spika mbili za inchi 12. Ina chaneli mbili zenye tabia tofauti, moja ikitumia valvu ya EF86 yenye sauti nene ambayo sijaipata kwingine. Lakini mpya inapita bajeti yako, ina uzito unaozidi kilo 30, na EF86 ikikaa ndani ya kabati moja na spika huweza kuanza kulia kwa mtikisiko. Zaidi ya hayo, amplifaya za ukoo huu huziendesha EL84 karibu na mwisho wa uwezo wake hata pale hujagusa uzi, kwa hiyo zinakula valvu haraka, na joto la Dar es Salaam haliwezi kuzisaidia.

Maz 18 ya Dr. Z, kampuni ya Mike Zaite huko Ohio, ina valvu mbili za EL84 na wati 18. Imesimama katikati ya Fender na Vox, ina kitufe cha sauti za kati, na kama ungekuwa mpiga rithimu ningekuambia uiangalie kwanza. Kwa solo safi juu ya tarumbeta, nahofia itaanza kukwaruza mapema kuliko unavyotaka.

Carr Rambler, inayotengenezwa North Carolina, ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yako. Inatumia valvu mbili za 6L6, ina mwangwi wa springi na tremolo (sauti inayopanda na kushuka kwa mpigo), inaweza kupunguzwa kutoka wati 28 hadi 14, na usafi wake ni wa kupendeza sana. Deluxe Reverb, iliyo ya ukoo wa paneli nyeusi, nayo ina valvu mbili za 6V6, mwangwi na tremolo vilevile, na kilo 19 tu. Upungufu wake, ule nilioahidi kuurudia, ni kwamba haina kitufe cha sauti za kati. Kwa kuwa tayari sauti hizo zimepunguzwa na saketi, na kwa kuwa tarumbeta huishi palepale, kuna hatari kwamba ukiwa peke yako utaipenda sauti yako na bendi ikiingia utapotea. Spika yenye sauti za kati zenye nguvu huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Kushusha besi chini ya nusu huziba sehemu nyingine.

Kwa sikio langu, hatua ya kutoka kwenye amplifaya yako ya sasa hadi Deluxe Reverb nzuri ni hatua ndefu, ambayo hata wachezaji ukumbini wataihisi bila kujua kilichobadilika. Hatua ya kutoka Deluxe Reverb yenye spika bora hadi Rambler ni fupi. Utaisikia wewe, ataisikia mpiga rithimu wako, na huenda isivuke mstari wa kwanza wa meza. Fedha za ziada zinalipia transfoma nono, kabati lililounganishwa vizuri, saa nyingi za kazi katika nchi ambayo saa ya fundi ni ghali, na mtengenezaji anayejibu barua yako mwenyewe. Ni vitu vya kweli, na hakuna anayeibiwa anapovilipia. Ila havipandi kwa uwiano mmoja na sauti.

Niseme pia, kwa uaminifu, kwamba kama hutaki mkwaruzo hata chembe, transista si aibu. Roland JC-120, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1975, inapendwa na wapiga gitaa wengi kwa usafi wake, haina valvu za kubadilisha, na ina nguvu za kutosha kuimudu bendi yoyote. Tatizo lako huenda ni amplifaya hafifu ya transista, wala si transista yenyewe. Kama unaweza kuiazima JC kwa jioni moja kabla ya dada yako kununua chochote, iazime.

Tuje kwenye umeme. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Tanzania hutumia volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka amplifaya ya volti 120 moja kwa moja ukutani, utaiharibu kabla wimbo haujaanza. Transfoma ya kushushia huirekebisha volti lakini haigusi hezi, na transfoma ya ndani iliyopimwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50, tena huweza kuvuma. Amplifaya nyingine hufungwa transfoma ya ndani inayokubali hezi 50 na 60, na baadhi zina waya za volti mbalimbali zilizofichwa ndani ambazo fundi anaweza kuzihamisha, akibadilisha na fyuzi ili ilingane na volti mpya. Usikisie. Jibu limeandikwa kwenye bamba la nyuma na katika maelezo ya mtengenezaji.

Ikikubidi kutumia transfoma ya kushushia, chukua ile nzito ya wati 500 au zaidi yenye waya wa athi (wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja) unaopita mpaka upande wa pili. Vile vifaa vyepesi vya wasafiri, vilivyokusudiwa pasi na mashine za kukaushia nywele, visitumike kabisa. Athi nayo usiikate kwa sababu yoyote, hata ikiwa mtu amekuambia mvumo utaondoka. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chasisi ya amplifaya, na kinywa chako kikigusa maikrofoni iliyo kwenye athi nyingine, mwili wako unakuwa waya kati ya viwili hivyo. Watu wamepoteza maisha jukwaani kwa njia hiyo.

Kisha kuna kupanda na kushuka kwa umeme wetu. Nyuzi za moto za valvu, yaani zile zinazoipasha kathodi, zimepangiwa volti 6.3. Umeme wa ukutani ukipanda kutoka 230 hadi 250, nyuzi hizo hupata karibu volti 6.85, na volti kubwa za anodi hupanda kwa uwiano uleule, kwa hiyo umri wa valvu unapungua. Nunua stabilaiza nzuri, na iheshimu zaidi kwenye kumbi zinazotumia jenereta. Weka pia akiba ya valvu: jozi moja iliyolinganishwa ya valvu za mwisho, 12AX7 moja au mbili, na ile ya kugeuza mkondo. Siku hizi valvu hizi hutengenezwa katika nchi chache, hasa Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na usafirishaji kutoka Urusi ukasitishwa kwa muda, bei zilipanda na rafu zikabaki tupu. Kwa maana hiyo, amplifaya yenye valvu za kawaida kama 6V6, 6L6 na 12AX7 ni rahisi kuitunza kuliko ile inayotegemea valvu adimu.

Mambo haya ndiyo yanayoyageuza mawazo yangu kuhusu karakana ndogo. Mtengenezaji mdogo anaweza kuandikiwa. Wengi wao, wakiombwa kabla ya kuanza kazi, hufunga transfoma ya volti 230 na hezi 50. Kama Carr au mwingine wa aina yake atakubali kufanya hivyo, na jumla yake pamoja na valvu za akiba, stabilaiza, usafiri na kodi haitavuka akiba yako, inunue kwa moyo mweupe. Usisahau kodi katika hesabu: VAT peke yake ni asilimia 18, na kiasi kamili uulize TRA (Mamlaka ya Mapato) ukiwa na risiti mkononi kabla ya safari. Nahisi jumla hiyo itakuzidi. Hapo rafiki yako wa rithimu anakuwa ameshinda. Deluxe Reverb mpya kwa kawaida haifiki dola 2,000 na iliyotumika vizuri hupatikana kwa karibu dola 1,000, na kiasi kinachobaki kitanunua spika, valvu, stabilaiza na maikrofoni. Iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya ina volti 230 tangu mwanzo, kwa hiyo kama una ndugu anayekuja kutoka Uingereza au Ujerumani, muulize na yeye.

Ipo njia moja zaidi ninayoipenda kwa mazingira yetu. Nunua kichwa cha amplifaya bila kabati, na spika peke yake yenye uzito wa kilo nne au tano, kisha mpe fundi seremala mzuri wa Keko vipimo vya kabati la plaiwudi ya milimita 18 lililo wazi kwa nyuma. Mzigo wa dada yako utabaki ndani ya kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa begi moja. Vyovyote iwavyo, valvu zitolewe kabla ya safari, zifungwe moja moja kwa kitambaa laini, na kila moja iandikwe soketi iliyotoka.

Kabla ya kulipa, tafuta hapa Dar es Salaam studio au kanisa lenye Fender au Vox yoyote ya valvu, na upige kwa sauti ya bendi, gitaa likiwa lako. Video kwenye simu hazitakusaidia. Ukilinganisha amplifaya mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwa kuwa iliyo juu hata kwa desibeli 1 huonekana bora, na ukubwa wenyewe hubadilisha namna sikio linavyosikia besi na sauti za juu, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima tangu mwaka 1933.

Ikishafika, usiifungue mwenyewe. Kapasita za ndani huhifadhi volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa plagi, na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwa maana transfoma ya kutolea huungua. Mpelekee fundi anayezijua valvu, na kama humjui, waulize mafundi wazee waliokuwa wakitengeneza redio za valvu; wengine bado wapo na mikono yao haijasahau. Mwambie apime volti ya ukutani, athi, fyuzi na bayasi ya valvu za mwisho (kiasi cha mkondo zinachopitisha wakati hujagusa uzi) kabla ya onyesho la kwanza. Baadaye, ukiona anodi imekuwa nyekundu, ukinusa harufu ya kuungua, au fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, zima na uende kwake siku hiyohiyo, wala usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Kwa sasa kazi ya dada yako ni moja: akifika dukani, apige picha ya bamba la nyuma na akutumie kabla ya kufungua pochi. Ukiona volti 230 na hezi 50, alipe. Ukiona volti 120 na hezi 60 pekee, mwombe asubiri mpaka umeionyesha picha hiyo kwa fundi.